Pangaboi na Taa: Kila Kimoja na Swichi Yake

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji ardhi hupanda kwa ghafla hadi kilele cha Bondwa, kinachozidi mita 2,000, na kuendelea kusini hadi Kimhandu, kinachozidi mita 2,600. Wanafunzi wa Jiografia wanajua kwamba joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila tupandapo mita 1,000. Kwa hiyo siku ileile na saa ileile, aliye karibu na minara ya mawasiliano ya Bondwa hutafuta koti, ilhali mwanafunzi aliye darasani mjini hujipepea kwa daftari. Mkazi wa mlimani akipata umeme, huridhika na taa. Mkazi wa mjini huitaka taa, na kuanzia Oktoba hadi Machi hulitamani pangaboi kwa kiasi kilekile.

Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba katika nyumba, ofisi na madarasa mengi ya tambarare, vyombo hivi viwili hufungwa kwenye swichi moja. Ukibonyeza, taa inawaka na pangaboi linazunguka. Ukibonyeza tena, vyote viwili vinakufa. Wengi wamezoea hali hiyo hata hawaioni tena kuwa ni kasoro. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba ni kasoro, kwamba ina madhara kwa mfuko, kwa afya na kwa usalama, na kwamba shule ya sekondari ndipo mahali panapofaa kuanza kuiondoa.

HAJA MBILI, NYAKATI MBILI

Neno pangaboi lenyewe lina somo. Wako wanaodhani kwamba limetokana na mapanga yake yanayozunguka. Asili yake ni panka, neno lililotoka Bara Hindi lenye maana ya kipepeo cha kupunga hewa, likaungwa na boi, mtumishi wa zama za ukoloni aliyekaa akivuta kamba ili kitambaa kilichoning'inia darini kipunge hewa juu ya vichwa vya wakubwa. Mtumishi yule hakuwa na kazi ya taa. Ukoloni ukaondoka, kamba ikaondoka, mota ikachukua nafasi ya mkono, na jina likabaki.

Taa ni chombo cha giza, na pangaboi ni chombo cha joto. Giza na joto havifuati ratiba moja. Saa nane mchana mwezi wa Februari joto limefikia ukali wake, na jua linaingia madirishani. Taa haina kazi. Saa moja jioni mwezi wa Julai giza limeingia, na upepo wa baridi unateremka kutoka mlimani. Pangaboi halina kazi. Usiku wa Desemba mtu hutaka kulala gizani huku hewa ikitembea. Katika hali zote tatu, mwenye swichi moja hulazimika ama kukosa anachokihitaji, ama kulipia asichokihitaji.

Tukumbuke pia kwamba pangaboi halipoozi hewa ya chumba. Kazi yake ni kuipitisha hewa juu ya ngozi, jasho likauke upesi; na jasho linapokauka huchukua joto la mwili. Katika chumba kisicho na mtu pangaboi halina faida yoyote, bali huongeza joto kidogo, kwa kuwa umeme wote unaoingia katika mota huishia kuwa joto. Taa ya mlangoni au ya ukumbi yaweza kuachwa ikiwaka kwa ajili ya ulinzi. Pangaboi haliachwi likizunguka kwa ajili ya viti.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua darasa lenye mapangaboi mawili ya wati 75 kila moja na taa nne za tyubu za wati 40 kila moja, vyote vikiwa chini ya swichi moja. Mapangaboi yakihitajika kwa saa 6 za mchana, yatatumia wati-saa 900. Taa, ambazo hakuna anayezihitaji, zitatumia wati-saa 960. Yaani zaidi ya nusu ya umeme wa darasa umepotea. Kwa siku 20 za masomo, hasara hiyo ni uniti 19.2 katika mita ya LUKU. Na kwa shule yenye madarasa 10 ya namna hiyo ni uniti 192 kila mwezi. Taa za LED za wati 18 zitaipunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu, lakini hazitaiondoa.

Yafaa wakazi wa Morogoro walitafakari jambo hili kuliko wengine, maana mkoa wao ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya umeme wa nchi. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na baadaye kikafuatiwa na Kihansi chenye megawati 180. Mwaka 2006, mvua zilipokosekana na mabwawa kupungua, taifa zima lilionja mgawo wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024 na kuleta nafuu kubwa. Hata hivyo wingi wa maji mtungini si ruhusa ya kuyamwaga.

Upande wa afya hauna budi kutajwa pia. Chandarua hupunguza mwendo wa hewa, na wakati wa joto wapo wanaokiacha kwa sababu hiyo, ilhali mbu wa malaria hutafuta damu hasa usiku. Pangaboi likizunguka usiku kucha hali taa imezimwa, aliyelala hupata hewa bila kutoka ndani ya chandarua chake. Cha kuzingatia ni kwamba chandarua kifungwe mahali ambapo hakiwezi kupeperushwa na kunaswa na mapanga. Lakini mahali penye swichi moja, mwenye kulala huambiwa achague: alale mwangani na hewa, au alale gizani na joto.

KASORO HUANZIA WAPI?

Mara nyingi kasoro hii haitokani na ujinga wa fundi peke yake. Hutokana na jinsi tunavyojenga. Nyumba zetu hukua kidogo kidogo: chumba mwaka huu, paa mwaka ujao, umeme fedha ikipatikana. Siku ya kufunga umeme mwenye nyumba huwa na fedha ya taa tu. Fundi hupitisha nyaya zinazotosha taa, ukuta hupigwa plasta, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Miaka miwili baadaye pangaboi hununuliwa. Fundi hupanda darini, na huko hukuta waya mmoja tu uliotoka kwenye swichi. Kupitisha mwingine ni kubomoa ukuta. Basi huunga pangaboi papo hapo kwenye nyaya za taa.

Kwa hiyo dawa ya kasoro hii haingoji siku ya kununua pangaboi. Inatakiwa siku ya kupitisha nyaya. Waya mmoja wa ziada ndani ya bomba la plastiki, uliofungwa ncha zake vizuri na kusubiri, ni gharama ndogo. Kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni gharama kubwa.

WAYA MMOJA USHUKE, NYAYA MBILI ZIPANDE

Sasa tuingie katika sayansi yenyewe. Umeme wa majumbani nchini mwetu ni wa volti 230, unaobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Pangaboi la wati 75 huchukua mkondo wa ampea 0.33 hivi, na taa ya LED ya wati 9 huchukua ampea 0.04. Jumla yake haifiki nusu ampea, ilhali sakiti ya taa hulindwa kwa kawaida na sakiti breka ya ampea 5 au 6. Hesabu hii yawajibu wale wanaodhani kwamba kutenganisha swichi ni kutenganisha sakiti nzima kuanzia kwenye swichi kuu. Sivyo. Taa na pangaboi vyaweza kula chungu kimoja. Kinachotakiwa ni kila kimoja kuwa na kijiko chake.

Mkulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, anaijua kanuni hii ingawa hakuisoma katika kitabu cha Fizikia. Mfereji mmoja huleta maji, na kutoka kwake michirizi miwili huingia katika vitalu viwili. Akitaka kumwagilia kabichi bila kumwagilia karoti, hauzibi mfereji mkuu. Huziba mchirizi wa karoti. Katika lugha ya umeme michirizi hiyo ni matawi yaliyo sambamba: kila tawi hupata volti 230 kamili, na kila tawi huweza kufungwa bila kulisumbua jingine.

Katika nyumba nyingi waya wa moto hufika kwanza darini, kwenye boksi la maungio. Kutoka hapo hushuka ukutani hadi kwenye swichi, ukapita ndani yake, kisha hurudi juu hadi kwenye taa. Hizo ni nyaya mbili: mmoja unashuka, mmoja unapanda. Tukitaka swichi mbili, huhitajika nyaya tatu: mmoja ushuke, mbili zipande. Waya wa moto unaoshuka hufungwa kwenye swichi ya kwanza, na kipande kifupi cha waya huuvusha hadi kwenye swichi ya pili iliyo kwenye kibao hichohicho. Kutoka kila swichi hupanda waya wake wenyewe: mmoja hadi kwenye taa, mwingine hadi kwenye pangaboi. Nyutro, ambayo ndiyo njia ya kurudi, hubaki darini. Huunganishwa moja kwa moja na taa na pangaboi bila kupita katika swichi yoyote. Waya wa ardhi hufika kwenye mwili wa chuma wa pangaboi, na vilevile kwenye taa na kwenye kibao cha swichi ikiwa ni vya chuma.

Regileta, yaani kirekebisha mwendo, hukaa katika njia ya pangaboi peke yake, baada ya swichi yake. Mahali ambapo taa imeungwa baada ya regileta, taa hufifia au hupepesa kila mwendo unapopunguzwa. Kadhalika kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kupunguza mwanga wa taa kisitumiwe kupunguza mwendo wa mota, kwa maana mota huweza kuunguruma, kupata joto na kuharibika.

NJIA ZA MKATO ZINAZOUA

Fundi asiye na waya wa tatu hushawishika kutafuta njia ya mkato. Tatu kati ya hizo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua, ili azikatae.

Ya kwanza ni kuweka swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Kwa macho kila kitu huonekana sawa: ukibonyeza, taa inazimika. Lakini umeme haujaondoka. Umesimama darini ukingoja. Anayepanda ngazi kubadili taa akiamini kwamba amezima, huweza kuguswa na volti 230 akiwa juu ya ngazi.

Ya pili ni kuutwaa waya wa ardhi na kuugeuza kuwa waya wa moto wa pangaboi. Hapo pametendeka makosa mawili. Mwili wa chuma wa pangaboi umenyang'anywa mlinzi wake. Waya wa ndani ukichubuka, chuma hubeba umeme na hakuna njia salama ya kuupeleka ardhini. Tena fundi atakayekuja baada ya miaka mitano, akiiona rangi ya ardhi, ataushika waya huo bila hofu.

Ya tatu ni kuazima nyutro ya sakiti nyingine iliyo karibu. Pangaboi huzunguka vizuri, na mwenye nyumba hushukuru. Lakini siku sakiti moja itakapozimwa kwa ajili ya matengenezo, nyutro yake yaweza kuwa bado inabeba mkondo wa sakiti ya pili. Nayo ikikatwa, ncha yake huwa hatari sawasawa na waya wa moto.

Njia hizi tatu zina ubaya mmoja unaozifanya zidumu, nao ni kwamba zinafanya kazi. Kifaa kinachokataa kuwaka hutafutiwa dawa; kinachowaka huku kimebeba hatari hakitafutiwi, mpaka siku ya msiba.

RANGI SI USHAHIDI KAMILI

Katika majengo ya zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni nyeusi, na waya wa ardhi ni wa kijani. Katika majengo mapya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni ya buluu, na waya wa ardhi una rangi za kijani na njano. Shule iliyojengwa zamani na kuongezewa madarasa hivi karibuni yaweza kuwa na lugha zote mbili ndani ya paa moja.

Siku hizi pana lugha ya tatu. Yako mapangaboi yenye taa yake chini, yanayotengenezwa kwa kufuata desturi ya Amerika ya Kaskazini. Katika mengi ya hayo waya mweusi ni wa moto kwa ajili ya mota, waya wa buluu ni wa moto kwa ajili ya taa, na mweupe ndio nyutro. Fundi wetu anayeona buluu na kusema moyoni kwamba hii ni nyutro, amekosea kabla hajashika bisibisi. Aidha kifaa kilichokusudiwa volti 120 hakifai kabisa kuunganishwa na volti 230. Mchoro uliomo ndani ya boksi la pangaboi usomwe kwanza, swichi kuu izimwe, na kila waya upimwe kwa kipimo kabla ya kushikwa. Macho huona rangi tu. Kuwapo kwa umeme huthibitishwa na kipimo.

DARASA LENYE PANGABOI NI MAABARA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mwalimu wa Fizikia ana mtihani wa kuwaandalia wanafunzi wake. Ni kweli kwamba ufundi una shule zake. Hapo Kihonda, mjini Morogoro, kuna chuo cha VETA. Ni kweli pia kwamba kazi ya umeme wa majumbani ni ya mafundi wenye leseni, ambazo hutolewa na EWURA. Simshauri mwanafunzi yeyote afungue swichi ya shule wala ya nyumbani kwao.

Lakini tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, tumekuwa tukisema kwamba elimu isimtenge kijana na maisha ya wazazi wake. Kijana wa sekondari husoma sakiti sambamba kwa Kiingereza, huichora vizuri katika karatasi ya mtihani, na kupata alama. Jioni hurudi nyumbani, akamkuta fundi akiunga pangaboi kwenye nyaya za taa, naye akapita kimya kwa sababu hatambui kwamba anachokiona ndicho alichokichora asubuhi. Elimu ya namna hiyo imefika katika daftari, nyumbani haijafika.

Mwalimu hahitaji fedha nyingi ili kuliziba pengo hili. Betri mbili za tochi hutoa volti 3. Taa ndogo ya tochi, mota ndogo iliyotolewa katika redio kaseti mbovu, vipande vya bati vya kuwa swichi, na nyaya kidogo: hapo chumba kizima kimejengwa juu ya ubao. Wanafunzi wachore kwanza, watabiri, kisha wajaribu. Waunganishe taa na mota kwa mfuatano waone jinsi kimoja kinavyomnyima mwenziwe. Waunganishe sambamba chini ya swichi moja. Mwishoni waweke swichi mbili. Wahesabu hali zinazowezekana. Swichi moja ina hali 2 tu. Swichi mbili zina hali 4: vyote vimezimwa, taa peke yake, pangaboi peke yake, na vyote pamoja. Mwalimu wa Hisabati naye aulize swichi tatu zina hali ngapi, na kwa nini ni 8.

Darini napo pana maswali. Kwa nini taa iliyo juu ya mapanga hukatakata mwanga na kuchosha macho ya msomaji? Kwa nini chini ya taa za tyubu za zamani, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde, mapanga wakati mwingine huonekana kana kwamba yanarudi nyuma? Kwa nini pangaboi lining'inizwe kwenye kulabu iliyoshikwa na boriti au zege, wala si kwenye ubao wa dari, na mapanga yake yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni? Maswali haya hayahitaji kugusa waya hata mmoja, na kila moja lina fizikia ya kutosha kipindi kizima.

Napendekeza, basi, mambo mawili. La kwanza ni la wakuu wa shule na kamati za ujenzi: kila chumba kipya cha tambarare kipitishiwe waya wa swichi ya pili tangu mwanzo, hata kama fedha ya pangaboi haijapatikana. La pili ni la walimu wa Fizikia: kila mwanafunzi, kabla hajamaliza kidato cha nne, aweze kuchora sakiti ya taa na pangaboi kwa mkono wake, na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya mzazi na fundi.

Mwanafunzi aliyefikia hapo ataweza kumwuliza fundi, kwa adabu inayompasa mdogo kwa mkubwa, maswali matatu kabla plasta haijapigwa: Je, fundi, swichi inakata waya wa moto? Je, pangaboi lina waya wake wenyewe kutoka kwenye swichi? Je, waya wa ardhi umefika kwenye chuma chake? Fundi mwema atafurahi kuulizwa, naye atajibu kwa kuonyesha. Asiyeweza kujibu asubiriwe mpaka aweze, maana ukuta ukishazibwa hakuna atakayeona kilichomo ndani.